Mita 520 kusini

Mkono wangu wa kuume ulikuwa ndani ya ufa wa ukuta, hadi kiwiko, niliposikia sauti nyuma yangu: "Mama, unatafuta nini mu ukuta yangu?"

Alikuwa mzee mwembamba mwenye ufagio. Ilikuwa mwezi wa kumi, jakaranda za barabara ile zilikuwa zimemwaga maua, naye alikuwa amekusanya rundo la zambarau mbele ya lango. Wanafunzi wangu wanne, niliowapanga barabarani wanikinge na macho ya watu, waliinamisha vichwa. Nikatoa mkono. Ulijaa vumbi jekundu na utando wa buibui, na kiganjani nilishika kikopo cha vidonge kilichozungushiwa utepe mweusi. Mzee alikitazama kikopo, akanitazama mimi, kisha akaonyesha lango kwa mpini wa ufagio. "Lakini mulango iko hapa."

Nafundisha historia na jiografia katika shule moja ya sekondari upande wa Katuba, Lubumbashi. Mwezi wa sita mwaka 2022, jeneza lenye jino la Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, lilipoletwa huku kwetu na kupelekwa Shilatembo, mahali alipouawa, wanafunzi walinijia na maswali. Walijua kwamba aliuawa porini usiku wa tarehe 17 Januari 1961, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walichotaka kujua ni wapi watu hao watatu walipitisha saa zile za mwisho, tangu ndege ilipotua Luano hadi walipopakiwa kwenye magari usiku. Nikawaambia: katika nyumba ya mzungu mmoja, villa Brouwez, si mbali na uwanja wa ndege.

"Nyumba, madame? Nyumba ya kukaa watu?"

Ndiyo, nyumba ya kukaa watu. Yenye sebule na bafu. Darasa lilinyamaza kwa namna ambayo mwalimu haipati kila mwaka. Nilielewa kwamba kwao historia ilikuwa imekaa kwenye sanamu na mabango, haijawahi kupita kwenye kizingiti cha nyumba. Nami nilikuwa nimefundisha miaka tisa bila kuwatoa nje ya darasa hata mara moja kuwaonyesha ukuta.

Wiki chache baadaye binamu yangu alikuja likizo kutoka Ubelgiji na mchezo unaoitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kikopo mahali, anatangaza namba za latitudo na longitudo, wengine wanakitafuta kwa simu au kifaa cha jipiesi, wakikipata wanaandika jina na tarehe kwenye kikaratasi kilichomo, wanakirudisha palepale. Alinieleza ulivyoanza. Hadi mwanzo wa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zilizowafikia raia, hata mtu angeweza kukosea kwa mita 100 hivi. Walipozima uvurugaji huo, haikupita hata siku mbili: tarehe 3 Mei, mtu mmoja wa Oregon, Dave Ulmer, akaenda kuficha ndoo porini na kutoa namba zake. Ndani aliweka daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, pamoja na kopo la maharage. Leo vificho kama hivyo viko zaidi ya milioni 3 duniani, na katika miji mingi ya Ulaya watu wamevipanga kuwa njia nzima: unatoka nyumba ya kale moja kwenda nyingine, kila kificho kinakudokeza kinachofuata, jioni unakuwa umeusoma mji.

Niliposikia hilo la nyumba za kale, sikulala vizuri usiku ule.

Tulianza wanane: mimi, binamu na wanafunzi sita. Simu zenye ramani zilikuwa mbili. Jambo la kwanza lililonifurahisha ni kwamba hatukuhitaji kununua mega: ukishapakua ramani nyumbani, simu inazisikiliza setilaiti bila intaneti na bila kulipa franga. Watoto wakaupa mchezo jina la kwetu. Kikopo kimoja ni kaficho, vikiwa vingi ni tuficho.

Mambo mengine ya mchezo tuliyapokea yalivyo. Kaficho hakifukiwi ardhini. Kati ya kimoja na kingine inatakiwa kuwe na mita 161 angalau, nasi tukakubali, maana inakulazimisha kutembea. Lakini binamu aliponionyesha picha ya sanduku linalopendwa kuliko yote huko kwao, sanduku la chuma la risasi za jeshi, la kijani, lisilopenya maji, nilikataa papo hapo. Katika mji huu, ukiliacha sanduku la risasi chini ya ukuta wa mtu, unaweza kuwakimbiza watu wa mtaa mzima. Tukatumia vikopo vya vidonge na vya maziwa ya watoto.

Orodha ya kwanza niliipanga kwa kutumia picha za zamani za Élisabethville, jina la kale la Lubumbashi, mji uliozaliwa mwaka 1910 pamoja na reli iliyopanda kutoka kusini, mwaka mmoja kabla tanuru la shaba halijawashwa. Niliweka Kanisa Kuu la Petro na Paulo la matofali mekundu. Niliweka sinagogi la mwaka 1930, kumbukumbu ya Wayahudi waliokuja hapa kufanya biashara, wengi kutoka kisiwa cha Rhodes. Niliweka jengo la tamthilia la miaka ya 1950, ambalo sisi tunaliita Jengo la Tarehe 30 Juni. Kati ya majengo hayo makubwa nikapanga nyumba za kawaida za mjini. Hizo ndizo nilizozipenda tangu utoto, nikipita na mama kwenda sokoni.

Ngoja niseme jinsi ya kuzitambua, kwa sababu watoto walijifunza kwa juma mbili tu, na sasa hawawezi kupita barabarani bila kunyoosha kidole. Zile za mwanzo kabisa zimeinuliwa juu ya msingi mrefu, unapanda ngazi kuingia, na paa la bati limetoka nje sana likafunika baraza upande wa mbele, wakati mwingine pande zote nne. Baraza hiyo haikuwa pambo. Ilizuia jua lisifike kwenye ukuta, na mvua ya mwezi wa kwanza isilowanishe matofali. Ukitazama juu karibu na kilele cha paa utaona vitundu: hewa ya moto ilitokea pale. Zile za miaka ya 1930 pembe zake zimeviringwa, na juu ya madirisha kuna kikingo cha saruji kilichonyooka kama ukingo wa kofia. Za miaka ya 1950 zimelala chini, paa limeinama upande mmoja, ukuta wa mbele umevikwa mawe, na upande wa upepo kuna matofali yenye matundu. Katika lupango kadhaa za zamani, yaani viwanja vya nyumba, bado kuna kichuguu, kikubwa kuliko nyumba ya mlinzi, kwa sababu vichuguu vya Katanga ni vigumu kubomoa, na wajenzi waliona heri wakizunguke. Udongo huohuo wa mchwa ndio uliochomwa ukawa matofali ya nyumba nyingi za mji.

Na nyuma, karibu na ukuta wa mwisho, kuna boyeri, makazi ya watumishi. Chumba kimoja au viwili, dirisha dogo, mlango unaotazama jikoni ya nyumba kubwa. Picha za zamani haziionyeshi. Nami sikuiweka kwenye orodha.

Jumamosi ya kwanza ilikwenda vibaya. Tulikuwa karibu na ofisi moja, mwanafunzi mmoja ameinua simu kutafuta setilaiti, mlinzi mwenye silaha akaona mtu anapiga picha jengo la serikali. Tulikalishwa chini kwa muda wa saa mbili, simu zote mbili mezani, mimi nikieleza mambo ya vikopo na setilaiti kwa watu ambao kila neno langu lilizidi kuwatia wasiwasi. Tuliachiliwa mkuu wa shule alipofika. Watoto walilia njiani. Niliwarudisha kwa wazazi wao mmoja mmoja, nikaomba radhi, na Jumatatu nikaenda ofisi ya komini kuomba karatasi yenye muhuri. Nilipaswa kuanza na karatasi hiyo. Tangu hapo hatutoki bila nakala yake, na majengo ya ofisi tumeyafuta yote.

Jumamosi ya pili vikopo vitatu kati ya vitano vilikuwa vimechukuliwa. Ya tatu ndiyo ile ya mzee na ufagio. Alituingiza langoni, akatupa viti barazani, akasikiliza maelezo hadi mwisho, akasema nyumba hiyo anaijua kuliko sisi kwa sababu alizaliwa nyuma, kwenye boyeri. Baba yake alikuwa mpishi. Tuliahidi kurudi.

Halafu ikaja Jumamosi ya kosa.

Namba za kwenye daftari langu zilikuwa za digrii na dakika zenye desimali: latitudo digrii 11, dakika 40.42 kusini. Mwanafunzi aliyeshika simu, msichana makini kuliko wote, aliziingiza kama dakika 40 na sekunde 42. Ukitazama karatasini tofauti ni nukta moja. Lakini dakika ina sekunde 60, kwa hiyo sekunde 42 ni dakika 0.70, si 0.42. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,850 ardhini. Zidisha tofauti hiyo: kama mita 520, kuelekea kusini.

Tulifuata mshale. Nyumba kubwa zikaisha, miti ikapungua, muziki ukaanza, mwishowe tukawa mtaa wa Kamalondo, mbele ya nyumba ndogo ya matofali yenye baraza ya hatua mbili. Barazani alikaa kambo mmoja, yaani bibi mzee, akichambua sombe, majani ya muhogo. Simu ikasema tumefika.

"Batoto, munapotea?"

Nilimwamkia, nikamweleza kwamba tunatafuta nyumba za zamani, pengine tumekosea. Akacheka kidogo. "Hapa akuna kitu ya bazungu." Kisha akaona watoto wametoka jasho, akamtuma mjukuu alete munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi.

Tulikaa kwa muda wa saa mbili na nusu. Nyumba aliijenga baba yake, aliyefanya kazi kwenye karakana za reli. Alinunua matofali kidogokidogo, mshahara ukitoka anaongeza mistari miwili mitatu, ukiisha anangoja. Mbao za mlango zilitoka kwenye makasha ya mashine. Saruji ya baraza ilipomwagwa, baba alimshika mkono binti yake wa miaka minne akaukandamiza pembeni, akaandika mwaka kwa msumari. Kambo alisogeza kikapu cha sombe kwa mguu ili tuone. Kiganja kidogo, vidole vimeachana, na chini yake 1948.

Msichana aliyekosea namba alipiga magoti akaweka mkono wake juu ya ule wa saruji.

Kisha kambo akatueleza njia ya baba yake. Asubuhi alivuka kwenda mji wa wazungu, jioni alivuka kurudi, na usiku haikuruhusiwa kuwa upande ule bila karatasi. "Na mu katikati?" akauliza mtoto mmoja. "Mu katikati akukuwa kitu. Majani tu. Ulikuwa unatembea, unatembea."

Nilijua anazungumzia nini. Wapangaji wa Élisabethville waliacha ukanda wa mamia ya mita usiojengwa kati ya mji wa wazungu na mtaa wa Waafrika, wakaueleza kwa maneno ya afya, kwamba mbu wa malaria hataweza kuruka umbali huo. Miaka tisa nilikuwa nachora ukanda huo ubaoni kwa chaki mbili, nyeupe na ya kijani. Sidhani kama kuna mwanafunzi aliyeukumbuka baada ya mtihani. Siku ile walikuwa wameuvuka kwa miguu yao bila kujua, kwa kosa la nukta moja, na mwanamke aliyekaa mbele yao alikuwa binti wa mtu aliyeuvuka mara mbili kila siku ya kazi. Nilipowaambia, walisimama wote kutazama kule tulikotoka.

Orodha yangu ya nyumba za kihistoria haikuwa na nyumba hata moja ya upande huu wa ukanda. Hilo linaniuma bado. Sikukusudia, lakini nilikuwa nimechora tena mpaka uleule, mimi mtoto wa Katuba, kwa sababu niliwaachia wapiga picha wa zamani waniamulie nyumba ipi ni ya kale na ipi ni makazi tu.

Tulipanga upya kila kitu. Njia yetu sasa ina vituo kumi na kimoja: inaanzia mjini, inavuka ule ukanda wa zamani, inapita Kamalondo, inaishia barabara ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Na tuficho havifichwi. Kila kikopo kinakaa kwa mwenye nyumba au mlinzi, ndani. Ukifika unapiga hodi, unaamkia, unauliza swali moja: nani alikaa hapa kabla yenu? Ukishajibiwa ndipo unapewa kikopo na daftari uandike ulichosikia.

Binamu hakukubali kwa urahisi. Alisema utamu wa mchezo ni siri, kwamba mtafutaji mzuri ni yule ambaye wapita njia hawamtambui. Namwelewa. Labda huko aliko mtu anaweza kuinama kando ya ukuta wa jirani asiyemjua na hakuna atakayejali. Hapa, anayepapasa ukuta wa watu bila hodi ni mwizi, na akibahatika sana ataulizwa kwanza. Zaidi ya hapo, vikopo vyetu vilikuwa vikiibwa vilipokuwa siri. Tangu viwe mikononi mwa watu kimepotea kimoja tu, na mwenyewe alitupigia simu kutuarifu, akiwa na huzuni kuliko sisi.

Tuligombana pia juu ya villa Brouwez. Wanafunzi wawili waliitaka iwe kituo cha mwisho. Walisema bila wao kuuliza juu ya nyumba hiyo njia yote isingekuwepo. Mzee wa ufagio, ambaye kufikia wakati huo alikuwa anakuja kwenye mikutano yetu, alisikiliza, akasema hawezi kumwambia mtoto "nenda ukachezee kule." Nilikuwa upande wake. Villa haimo katika njia, haina kikopo wala namba. Tarehe 17 Januari iliyofuata, darasani, tulifunga vitabu, nikawasimulia saa zile tangu ndege ilipotua, taratibu, bila kuruka.

Mvua zilitufundisha mambo madogo. Karatasi ya kawaida inaoza kufikia mwezi wa kumi na mbili hata ndani ya plastiki, basi tunaandika kwa penseli, si kalamu, na tunaweka kipande cha mkaa uliokauka ndani ya kitambaa ili unywe unyevu. Chini ya paa la bati lililotoka sana simu inapoteza setilaiti. Toka mpaka katikati ya barabara usubiri dakika moja.

Kati ya Jumamosi mbili za mwezi wa tatu, nyumba moja ya mwanzo, yenye baraza pande tatu, ilibomolewa. Tulikuta kifusi na lori. Mahali pake panajengwa maduka ya ghorofa. Mlinzi alikuwa ameokoa kikopo, akakileta mkononi. Namba za nyumba ile bado zimo kwenye simu, mshale bado unaonyesha, ukifika unaambiwa umefika. Sikuzifuta. Watoto walichukua tofali moja la kichuguu, lenye alama ya vidole vya aliyelifinyanga, na liko kwenye kabati la darasa.

Juma lililopita nilipita kwa mzee wa ufagio peke yangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma, si za mbele. Alisema wageni ni wengi, watoto wa shule nyingine wameanza kuja, na wote wanauliza swali lilelile, kwa hiyo ameona aandike jibu mara moja kwa wote. Alianza na baba yake mpishi. Akaendelea na mama aliyefua, kijana wa bustani aliyetoka Kasai, yaya wa watoto, familia ya mzungu iliyoondoka mwezi wa saba mwaka 1960 ikamwachia baba ufunguo, na wote waliolala boyeri baada yao, kila mmoja na kijiji alichotoka. Mwandiko wake ni wa kushikana, wa shule ya wamisionari, umejaza kurasa zote hadi ndani ya jalada.

"Mama," akaniambia, "kadaftari kamejaa. Sijafika hata mu mwaka 1970. Leta ingine, kubwa kidogo."